Dakta Livingstone na Kamba Iliyokatika

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Wengi wetu tulimjua David Livingstone tangu shule ya msingi kama Mzungu aliyekutana na Stanley pale Ujiji, basi. Hata mimi sikujua zaidi ya hayo mpaka likizo ya Desemba, nilipokwenda Karema kwa mjomba wangu ambaye ni mvuvi. Usiku mmoja tulikuwa ziwani, taa zimewashwa kuvuta dagaa, nikamwuliza mjomba chini yetu kuna maji kiasi gani. Alicheka. Akaniambia kwamba siku moja aliunganisha kamba zake zote na za jirani yake, akafunga jiwe, akashusha mpaka kamba ikamwishia mkononi, wala hakugusa chini.

Niliporudi shuleni hapa Majengo nilimsimulia mwalimu wetu wa fizikia. Naye akanijibu kwamba yuko mtu aliyefanya jambo hilo hilo mwaka 1869 katika Ziwa hilo hilo, na kamba yake ikakatika. Mtu huyo ndiye Livingstone. Nikaenda maktaba kutafuta habari zake, na haya ndiyo niliyoyapata.

Alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 katika mji mdogo wa Blantyre, Scotland. Wazazi wake walikuwa maskini, na jamaa nzima iliishi katika chumba kimoja. Alipotimiza miaka 10 alitiwa kazini katika kiwanda cha nyuzi za pamba, tangu saa 12 asubuhi mpaka saa 2 usiku, kazi yake ikiwa kuunga nyuzi zilizokatika. Mshahara wake wa kwanza alinunua kitabu cha sarufi ya Kilatini. Alikiweka juu ya mashine, akawa anasoma sentensi moja kila apitapo mbele yake, na usiku akaenda shule iliyofunguliwa kwa ajili ya wafanyakazi. Sisi wa bweni tunaonung'unika kengele ya prepo inapolia, tumfikirie mtoto huyu kidogo.

Baadaye alisoma udaktari mjini Glasgow, akajiunga na Chama cha Misheni cha London, na mwishoni mwa mwaka 1840 akapanda meli kwenda Afrika ya Kusini. Habari za miaka yake ya kule nitazipita upesi, maana zimeandikwa mahali pengi. Mwaka 1844 simba alimrukia akamvunja mfupa wa mkono wa kushoto karibu na bega, nao haukupona sawasawa maisha yake yote. Mwaka 1845 alimwoa Mary Moffat, binti wa mmisionari. Kati ya mwaka 1852 na 1856 alivuka bara zima, kwanza mpaka Luanda upande wa magharibi, kisha akarudi mpaka Quelimane upande wa mashariki, na njiani, mwezi wa Novemba 1855, aliona maporomoko makubwa ya mto Zambezi. Aliporudi Uingereza alikuta amekuwa mtu mashuhuri.

Lakini tusidhani kwamba mambo yake yote yalikwenda vema. Safari yake ya pili ya Zambezi, tangu 1858 mpaka 1864, iliharibika. Aliwaambia wakubwa wake kwamba meli zitaweza kupanda mto huo mpaka ndani kabisa, kumbe kuna maporomoko ya Cahora Bassa ambayo hakuyachunguza katika safari ya kwanza. Aligombana na Wazungu wenzake karibu wote. Mke wake alimfuata huko, akafa kwa homa mwaka 1862, akazikwa Shupanga. Kwa maoni yangu alikuwa mtu mgumu kuishi naye, na jamaa yake iliteseka kwa ajili ya safari zake. Nasema hivi kwa sababu vitabu vingine vya zamani vinamfanya kama malaika.

Mwaka 1866 alianza safari yake ya mwisho, na hii ndiyo inayotuhusu sisi. Alitoka Unguja, akashuka pwani ya kusini karibu na mto Ruvuma, akielekea bara. Alitaka mambo mawili. La kwanza ni kuifanya dunia ijue ukatili wa biashara ya watumwa. La pili ni kujua chanzo cha mto Naili. Speke alikuwa amesema unatoka Ziwa Viktoria. Wengine walisema unatoka Tanganyika. Livingstone aliamini kwamba chanzo kiko kusini zaidi kuliko wote walivyodhani.

Sasa, ili kujua mto unatoka wapi, macho hayatoshi, yanatakiwa mapimo. Livingstone alichukua vyombo vyake kwa uangalifu kuliko chakula. Alikuwa na sekstanti ya kupimia jua na nyota, saa maalumu za kumwonyesha longitudo, na vipimajoto vya kuchemshia maji. Hivi vya mwisho vilinishangaza, maana sikujua kuwa sufuria ya maji yaweza kukuambia urefu wa mlima. Siri yake ni kwamba kadiri unavyopanda juu, hewa hupungua uzito, na maji huchemka kwa joto dogo zaidi. Pwani maji huchemka kwa nyuzi 100. Pale Ujiji, mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, huchemka kwa nyuzi 97 na kitu. Kosa la nyuzi moja tu huleta kosa la mita 300 hivi. Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858 walipata urefu wa futi 1,850 hivi, kumbe kweli ni zaidi ya futi 2,500. Vipimajoto vyao vizuri vilikwisha kuvunjika njiani.

Livingstone naye alipata mikasa. Mwezi wa Januari 1867 wachukuzi wake waliteleza na saa zake zikaanguka, na tangu hapo longitudo zake zikawa na kosa asilolijua. Mwezi huo huo mtu mmoja alitoroka na sanduku la dawa, ndani yake mkiwa na kwinini yote. Tangu siku hiyo homa ilikuwa mwenzake wa safari. Hata hivyo mwezi wa Aprili 1867 alifika ukingo wa kusini wa Tanganyika, Novemba mwaka ule akaliona ziwa Mweru, na Julai 1868 ziwa Bangweulu. Machi 1869 alifikishwa Ujiji akiwa amechukuliwa kwa machela, mapafu yakimwuma. Waliomwokoa walikuwa ni msafara wa mfanya biashara Mwarabu, Muhammad bin Gharib. Hili ni jambo la kufikiri: mtu aliyechukia biashara ya watumwa aliokolewa, akalishwa, na kuuguzwa na wenye biashara hiyo, naye mwenyewe aliona uchungu wake.

Alipopata nguvu, mwezi wa Julai 1869, alipanda mtumbwi kuvuka Ziwa kwenda Manyema. Walishuka kwanza kusini, wakiambaa pwani mpaka mbele ya mlima Kabogo. Pale ndipo alipotia bildi. Wasiolijua neno hili, watu wa pwani huita bildi ile risasi nzito inayofungwa kwenye kamba ili kupima kina. Chini yake hupakwa mafuta magumu, na ikigusa chini, mchanga au tope hunata katika mafuta. Ndiyo shahada ya kuwa umefika. Kamba nayo huhesabiwa kwa pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyoshwa, futi sita.

Livingstone alishusha kamba yake zaidi ya pima 300, ndiyo kusema karibu mita 600. Kisha wakaanza kuivuta. Kamba ikakatika. Risasi ikabaki chini pamoja na mafuta yake, na hakuna aliyejua kama ilileta tope au haikuleta. Livingstone aliandika hesabu yake katika daftari, na pembeni ya hesabu akaandika pia kwamba kamba ilikatika na kwamba hawakuiona ile risasi. Angeweza kuiacha habari hiyo. Nani angemshitaki katikati ya Ziwa? Mimi nimefanya majaribio ya maabara na ninajua mkono unavyowasha kuandika jibu lililo kwenye kitabu.

Katika jambo la pili, Ziwa lilimdanganya. Akiwa Ujiji aliona majani yanayoelea yakisogea kuelekea kaskazini, siku baada ya siku. Akaamua kwamba Tanganyika ni kama mto mpana unaotiririka kwenda kaskazini, na kwamba lazima maji yatokee huko na kuingia Naili. Kumbe ilikuwa kazi ya upepo. Tangu Mei mpaka Septemba hivi upepo wa kusi huvuma kwa nguvu, ukasukuma maji ya juu, yenye joto, kwenda kaskazini, na kule kusini maji ya baridi ya chini yakapanda kushika nafasi yao. Upepo ukitulia, Ziwa huyumba polepole ndani kwa ndani kama maji katika karai. Kutazama juu peke yake hakukuweza kumwonyesha hayo. Ilimpasa kujua joto la maji kila kina, wakati mmoja, mahali pengi, na kwa kamba na kipimajoto kimoja jambo hilo halikuwezekana.

Miaka miwili Manyema ilimvunja. Vidonda vya miguu vilimlaza miezi mingi. Tarehe 15 Julai 1871, katika soko la Nyangwe, kando ya mto Lualaba, aliona kwa macho yake watu wa wafanya biashara ya watumwa wakiwapiga risasi wanawake waliokuja kuuza vitu vyao. Mamia walikufa, wengine kwa risasi na wengine kwa kuzama mtoni. Alirudi Ujiji mwezi wa Oktoba akiwa mifupa mitupu, akakuta mali yake yote aliyoagiza imekwisha kuuzwa. Siku chache baadaye Stanley akatokea na chakula, dawa na barua.

Watu husimulia mkutano huo, lakini mimi napenda zaidi yaliyofuata. Mwezi wa Novemba walipanda mtumbwi wote wawili kwenda mwisho wa kaskazini wa Ziwa kutazama mto Rusizi. Wakaona kwa macho yao kwamba Rusizi unaingia katika Ziwa, hautoki. Basi habari ya majani yale ikawa imekwisha. Livingstone alikubali, ingawa alikuwa ameiamini kwa zaidi ya miaka miwili.

Mwishoni mwa Desemba 1871 waliondoka Ujiji kwenda Tabora, nao hawakupita njia fupi. Walishuka Ziwani kwa mitumbwi, kisha wakakata nchi kwa miguu kupitia Ukawendi na Ukonongo, nchi ambazo sehemu yake sasa ni Mkoa wetu wa Katavi. Tarehe 27 Januari 1872, mashariki ya kijito alichokiandika kwa jina la Mpokwa, nyuki waliwavamia. Punda wa Livingstone, badala ya kukimbia, alijitupa chini akagaagaa, na Dakta naye akagaagaa, kisha akakimbilia kichakani. Uso wote ulimvimba. Punda alikufa baada ya siku mbili. Nilipowasimulia wenzangu bwenini, mmoja anayetoka Inyonga, ambako wanarina asali, alisema nyuki wa kwao hawajabadilika hata kidogo.

Stanley alimsihi warudi wote Ulaya. Alikataa. Machi 1872 waliagana, na Agosti Livingstone akaondoka Tabora na wachukuzi wapya. Oktoba aliliona Ziwa tena, akafuata milima ya ukingo wa mashariki kuelekea Ufipa na kusini, jua likiwa kali na ardhi ikiunguza miguu. Alikuwa anatafuta chemchemi za Naili karibu na Bangweulu. Hapo lile kosa la saa zilizoanguka likamkamata: longitudo za safari yake ya zamani hazikuwa sawa, akaingia katika mabwawa wakati wa mvua bila kuwa na hakika yuko upande gani wa ziwa. Alikuwa anatokwa damu, akawa anachukuliwa begani, mwisho machelani. Tarehe 1 Mei 1873, katika kijiji cha Chitambo, watu wake walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, amekwisha kufa. Maji aliyokuwa akiyatafuta si ya Naili hata kidogo, yanakwenda Kongo.

Mwezi mmoja tu baadaye, tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja. Barua za Livingstone juu ya Nyangwe zilikuwa zimesaidia sana kuamsha watu wa Uingereza. Yeye hakupata kujua.

Waliobaki ni Susi na Chuma na wenzao. Wangeweza kumzika na kwenda zao. Badala yake waliuzika moyo wake chini ya mti wa mpundu, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaubeba kwa miezi tisa mpaka Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Walibeba pia madaftari na vyombo vyake. Walipofika Tabora, Mwingereza aitwaye Cameron aliwashauri wauzike mwili pale pale. Walikataa. Huyo Cameron alifungua masanduku akatwaa vyombo vingi vya Livingstone kwa safari yake mwenyewe. Naona lilikuwa jambo la ufidhuli, lakini lazima niseme pia kwamba mwaka ule ule alipima pwani ya nusu ya kusini ya Ziwa, na mwezi wa Mei 1874 akaona mto Lukuga, njia ambayo maji ya Tanganyika hutokea kwenda Kongo. Mwili wa Livingstone ulitambuliwa London kwa lile jeraha la simba, ukazikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874.

Na kina cha Ziwa? Mbelgiji Stappers alipima tena mwaka 1912 na 1913, pamoja na joto la maji. Wabelgiji wengine walikuja mwaka 1946 na 1947 na chombo kinachotuma sauti chini na kusikiliza mwangwi wake, na ndipo ikajulikana kwamba mahali penye kina kuliko pote ni mita 1,470. Afrika nzima hakuna ziwa lenye kina hicho, na duniani linashindwa na Baikal peke yake.

Siku hizi ziko kamba za namna nyingine kabisa, na mwalimu wetu alitueleza kwa kutumia mkongo wa mawasiliano, ule unaoleta intaneti chini ya bahari mpaka Dar es Salaam. Ndani yake mna uzi wa kioo mwembamba, na mwanga hupita humo. Lakini mwanga kidogo sana hugonga chembe za kioo na kurudi nyuma, na sehemu moja ya huo unaorudi huongezeka nguvu kioo kikipata joto, hupungua kikipoa. Mwanga huchukua sehemu moja ya milioni mia ya sekunde kwenda na kurudi katika mita moja ya uzi. Kwa hiyo chombo kilichoko juu, kwa kupima muda na nguvu, hujua joto la kila mita ya uzi tangu juu mpaka chini, kwa pamoja. Uzi mmoja unakuwa vipimajoto elfu. Kina nacho hupimwa kwa uzito wa maji: kila mita 10 huongeza mgandamizo kama wa hewa yote iliyo juu yetu, na kiwambo chembamba kilicho mwisho wa uzi hubonyea na kubadili mwanga unaorudi. Katika bahari na maziwa ya nchi za mbali nyuzi hizi zimekwisha kutumika.

Hili si jambo la wataalamu tu. Wachunguzi waliolinganisha vipimo vya 1913 na vya mwaka 2000 waliona kwamba maji ya Tanganyika yameongezeka joto, juu zaidi kuliko chini. Haitimii nyuzi moja, lakini maji ya juu yakiwa mepesi zaidi, hayachanganyiki vema na yale ya chini yenye mbolea, na mbolea isipopanda, vijimea hupungua, na dagaa na migebuka hukosa chakula. Wengine wanasema nyavu zetu ndizo zenye kosa. Nadhani yote mawili yamo, ila kiasi gani cha hili na kiasi gani cha lile, hapo ndipo panapotaka mapimo. Tangu tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti 1924 isingewezekana kufikiri jambo kama lile lililotokea siku hizo hizo mwaka 2024, Ziwa zima kufungwa lisivuliwe ili samaki wazae. Mjomba alikaa miezi mitatu akishona nyavu na kulima mihogo, na watoto wake walikula ugali kwa mlenda.

Nilipompigia simu kumweleza habari za Livingstone, aliniuliza swali moja tu, kamba yake ilikuwa ya nini. Nikamwambia sikuona imeandikwa. Akasema kamba ya zamani, ikilowa maji ya kina kile, inakuwa nzito kuliko risasi yenyewe, na kuivuta kwa pupa ni kuikata. Yeye angeivuta polepole, akipumzika kila pima 20. Hata hivyo risasi ile bado iko huko chini mbele ya Kabogo, katika tope la maji yasiyo na hewa, karibu na hapo wanapopita wavuvi kila usiku na taa zao.